Kitabu Kinene na Kile Chembamba

Nilisikia selotepu ikichanika kabla sijakiona kitabu. Ilikuwa sauti ndefu, kavu, kama ya mwanamke anayechana doti ya kanga katikati, na ilirudiwa boksi baada ya boksi. Nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kwa sababu ukumbini walikuwa wamejaa wanaume waliokuja kumsalimia mjomba wangu, aliyekuwa ameingia kutoka Maskati asubuhi ile. Kila boksi lilipofunguka, harufu ilitangulia kunifikia: udi, sabuni, maziwa ya unga. Kisha likafunguka moja ambalo halikutoa harufu yoyote.

"Na tofali hili la nani?" akauliza mzee mmoja.

"La mtoto wa dada yangu," mjomba akajibu.

"Kwani anajenga?"

"Anajenga, mzee. Sijui anajenga nini, lakini anajenga."

Wakacheka. Mkono wa mama ukapenya chini ya pazia, ukalisukuma lile tofali juu ya mkeka mpaka likanigusa goti. Kilikuwa kitabu chenye jalada jekundu, kinene kuliko kamusi ya skuli, na ndani yake, kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha, mlikuwa na majina ya mawakala wa waandishi. Nilikipakata. Sikumbuki kama nilikwenda kumshukuru mjomba kabla ya kukifungua au baada.

Wakati ule nilikuwa nimemaliza riwaya yangu ya kwanza. Ilihusu mwanamke wa Micheweni aliyerudi kwao baada ya kuachwa, akakikataa chumba alichopewa na kaka zake, akaanza kujijengea nyumba juu ya jiwe, palepale ambapo watu wote walisema hapachimbiki. Niliiandika huku nikifanya kazi ya mwani na mama. Maji yakitoka tuliteremka kufunga miche kwenye kamba. Maji yakijaa nilipanda nyumbani kuandika, vidole vikiwa bado na chumvi, na karatasi zangu zote zikawa na madoa meupe pembeni. Niliipenda riwaya ile kama mtu anavyokipenda kitu ambacho hakuna aliyemtuma akifanye.

Milango ya karibu nilikwisha kuibisha. Wachapishaji wa bara niliowapelekea mswada walinijibu kwa upole, na upole wao wote ulikuwa na maana moja: wao wanaishi kwa vitabu vya skuli, na riwaya isiyokuwamo kwenye mtaala haina mnunuzi. Mmoja aliongeza kwamba wahusika wangu wanasema Kipemba mno. Nilimuuliza mama kama wahusika wangu wanasema Kipemba mno.

"Walitakiwa waseme nini," akaniuliza, "na wao wako Micheweni?"

Jumamosi alasiri sisi waandishi wachache wa kaskazini ya Pemba tulikuwa tukikutana Konde, nyuma ya duka la vifaa vya skuli, kwenye chumba cha kuwekea maboksi ya madaftari. Tulisomeana, tukasifiana kupita kiasi, tukakosoana kidogo. Mwenzetu mmoja anayeandika tamthilia za redio ndiye aliyetuletea habari ya mawakala. Alisema kwamba huko Ulaya mchapishaji mkubwa hapokei mswada kutoka mkononi mwa aliyeuandika. Lazima pawe na mtu wa kati, anayezijua nyumba zote, anayeuchukua mswada na kuusemea, na mambo yakiwa mazuri hukata fungu lake.

"Mshenga," nikasema.

"Mshenga khasa," akasema yeye.

Tukaridhika wote. Ule mkasa wote uliofuata ulianzia kwenye kuridhika kule.

Katika kundi lile alikuwamo shoga yangu, niliyekua naye tangu chuo cha Kurani, tukishindana kuhifadhi. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa kujitolea kwenye skuli ya sekondari, mmoja wa wale wanaongoja ajira mwaka nenda mwaka rudi huku wakisahihisha madaftari ya darasa zima. Ndiye aliyekuwa akiitafsiri riwaya yangu. Sura tatu za mwanzo alizimaliza akikaa kwenye mkeka wetu, kompyuta yake ndogo juu ya mto, akiniuliza neno moja kwa nusu saa nzima. Kiingereza changu mimi ni cha mtihani. Chake kilikuwa na pumzi. Alizoea kuja kwetu mpaka akawa ndiye mtu pekee wa nje anayeujua mlango wetu. Mlango ule umevimba kwa mvua za miaka, na haufungiki mpaka uunyanyue kidogo kwa kitasa ndipo uuvute. Wageni wengine huuacha wazi, mama akainuka kuufunga. Yeye hakuwahi kuuacha.

Naye alikuwa na safari ikimngoja. Mke wa mjomba alikuwa amemtafutia kazi hukohuko Maskati, kufundisha watoto wa nyumba moja ya matajiri. Aliniambia mapema, tukiwa tunakatakata mchicha jikoni, bila ya kunitazama.

"Nimewaomba wanipe muda. Wakala akijibu, nabaki tuimalize tafsiri, kazi ya kule nitaikataa. Asipojibu, shoga yangu, naondoka. Usije ukanilaumu."

"Atajibu," nikasema.

"Nani?"

Hatukuwa na jina hata moja wakati ule. Ndiyo maana tulihitaji kitabu.

Kabla ya safari yake ile, mjomba alipiga simu kuuliza kila mtu anataka aletewe nini. Wengine walitaka mashuka na manukato. Mimi nilimwomba aingie kwenye duka la vitabu vya Kiingereza, aulize kama wana kitabu cha kumwongoza mwandishi kupata wakala. Aliuliza. Akanitumia picha mbili kwenye simu na ujumbe wa sauti, nyuma yake kukisikika muziki laini wa dukani.

"Viko viwili, mwanangu. Kimoja kinene, kimoja chembamba. Chagua. Viwili siwezi, mzigo umejaa mashuka ya watu."

Tuliziangalia zile picha kwenye chumba cha maboksi, shoga yangu na mimi, vichwa vyetu vikigusana juu ya kioo cha simu kilichopasuka. Kile kinene kilikuwa na majina, anwani, na nani anapenda hadithi za namna gani. Kile chembamba kilieleza jinsi mambo yanavyokwenda: barua inavyoandikwa, watu wanavyongoja, kipi ni ustaarabu na kipi ni ushamba.

"Chembamba," akasema yeye.

"Kwa nini?"

"Majina hubadilika. Watu wanahama, wanaacha kazi, wanakufa. Na majina tunaweza kuyatafuta hata kwenye simu. Lakini hatuwajui hawa watu, shoga. Hatujui wanakaaje."

"Adabu tunazo," nikamwambia. "Tumelelewa. Tunachokosa ni majina."

Aliniangalia kidogo, akacheka, akasema kitabu ni changu na mjomba ni wangu. Nikapeleka jibu: kinene.

Palikuwa na njia nyingine, nayo aliijua yeye. Alikuwa amesoma mahali kwamba waandishi wa kule huwashukuru mawakala wao kwa majina mwishoni mwa vitabu, kwa hiyo ukikipenda kitabu, fungua kurasa za nyuma, utamwona aliyekisemea. Tulikwenda kwenye maktaba ya skuli yake, ambako kuna kabati la riwaya za msaada. Tulikaa chini tukazitoa moja moja. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka ukutani na kuanza kula kuanzia nyuma. Hadithi zilikuwapo, nyingine mpaka karibu na mwisho. Shukrani zote zimeliwa.

"Angalau mchwa wameshawajua mawakala," akasema shoga yangu, akikung'uta vumbi la udongo mapajani.

Basi kilipofika kile kinene tukajua kwamba hatuna kingine. Tulikisoma kwetu, alasiri baada ya alasiri. Shangazi yangu wa Mgogoni alikuwa amekuja kukaa nasi, naye ni mtu ambaye kaskazini yote wanamjua kwa ushenga. Posa nyingi za huku zimepita mdomoni mwake, na husema kwa fahari kwamba katika arusi alizozisemea yeye, zilizovunjika zilivunjwa na wenyewe, si na maneno yake. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi, shoga yangu akasoma kwa sauti na kutufasiria.

"Huyu hataki mashairi. Huyu hataki hadithi za watoto. Huyu anataka mauaji na askari kanzu. Huyu," akasogeza kidole, "hataki kuletewa kitu na mtu asiyemjua."

"Asiyemjua?" shangazi akauliza. "Sasa atamjuaje asipoletewa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, shangazi."

"Basi huyo mwacheni azeeke."

Tuliendelea. Nyuma ya kitabu palikuwa na faharasa ya lugha, lugha za watu walio tayari kusoma miswada isiyokuwa ya Kiingereza. Nilikishusha kidole changu taratibu kwenye ile safu. Zilikuwamo lugha ambazo sikuwahi kusikia kwamba zina watu. Kiswahili hakikuwamo. Nilirudi juu nikashuka tena, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo yaliyobandikwa ubaoni. Shoga yangu akakifunga kitabu juu ya kidole changu.

"Ndiyo maana tunatafsiri," akasema.

Alasiri moja akasoma habari za mwanamke mmoja, akasita, akarudia. Ilisemekana anatafuta sauti za sehemu ambazo hazijasikika, hadithi za wanawake na ardhi yao, na kwamba yuko radhi kumsoma mwandishi asiyewahi kuchapishwa. Nilisogea karibu zaidi na kitabu. Hata shangazi aliacha kukuna.

"Nyumba gani hiyo?"

"Ya zamani, shangazi. Ina jina."

"Na yeye mwenyewe, anasifika kwa nini?"

"Kwa subira, wameandika. Anakaa na mwandishi wake mpaka kitabu kitengemae."

"Huyo ndiye," shangazi akasema, akakipindua kifuu na kukigonga.

Shoga yangu akasema vizuri, huyo awe wa kwanza, na tuchague wengine wanne, tuwapelekee wote siku moja. Shangazi alimtazama kama aliyetajiwa jambo la aibu mbele ya watoto.

"Mupose nyumba tano siku moja?"

"Hawajuani, shangazi."

"Watu wa kazi moja wasijuane? Mimi nawajua washenga wote kutoka Konde mpaka Chake. Siku ukisikika umebisha hodi nyumba mbili kwa pamoja, zote mbili zinafungwa. Unangoja jibu la kwanza. Hata likichelewa, unangoja. Mwenye nyumba akupe au akunyime, ndipo uende kwa jirani."

Shoga yangu alinigeukia, akitaka nimsaidie. Nami niliona shangazi amesema kweli. Nilitaka sana yule mwanamke ajue kwamba yeye tu ndiye niliyemchagua kati ya majina yote yale. Niliona kwamba kumwandikia yeye na wengine wanne ni kuwa mwongo mara tano.

"Mmoja," nikasema.

Barua tuliiandika kwa siku kadhaa. Shangazi alitufunza kwamba aliyetumwa posa hataji shida yake mlangoni. Anasalimu, anauliza afya za watu wa nyumba, anataja sifa za ukoo, ndipo anasogea. Kwa hiyo barua yetu ilianza kwa kumtakia yule mwanamke na familia yake afya njema, ikaisifu nyumba yake, ikaeleza sisi ni watu wa wapi na jiwe la kwetu likoje, na ilikuwa imekwisha kufika ukurasa wa pili ilipotaja kwamba kuna riwaya. Shoga yangu alikata salamu nyingine, nikazirudisha. Tukaituma pamoja na zile sura tatu kutoka kwenye kichuguu nyuma ya skuli yao, ambako mtandao hushika. Alibonyeza yeye. Alinyanyua kompyuta juu ya kichwa kama mtu anayevuka maji na mzigo, tukakaa hivyo mpaka barua ikaondoka.

Mjomba akarudi zake Maskati. Tukaanza kungoja.

Mwezi wa kwanza niliishi kama mtu aliyepewa siri tamu. Nilifunga mwani nikiimba. Nilikwenda kuiangalia simu kila nilipopanda kutoka pwani. Mama alikuwa akiuliza, "Kajibu?" nami nasema bado, naye anasema, "Labda anaumwa," akamwombea dua afueni. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Idi Ndogo tuliila. Hapakuwa na neno.

"Kimya?" shangazi akauliza.

"Kimya, shangazi."

"Basi mambo mazuri hayo. Mwari akiulizwa posa mbele ya walii wake, baba anayemwozesha, hujibu? Hajibu. Hunyamaza, akainamisha macho. Na kimya chake ndiyo ridhaa yake, ndiyo sheria. Anayekataa ndiye mwenye kelele. Huyo mwanamke angekuwa hakutaki angekwisha kusema."

"Huyu si mwari, shangazi," shoga yangu akasema. "Huyu ni mtu wa kazi."

"Mtu mwenye haya ni mwenye haya tu."

Nilicheka, lakini ndani nilishika. Nilijua kwamba ni maneno ya mtu mzima anayenifariji, na nikayashika hivyohivyo. Wachapishaji wa bara walinikataa kwa maneno, tena kwa haraka. Huyu hakusema neno. Niliuona ule ukimya wake ukikua kila wiki, ukapata uzito na joto, nikaanza kuusomea maana. Nilimwona yule mwanamke nisiyemjua sura akiwa na sura zangu tatu mapajani, akirudia kusoma pale mwanamke wangu anapolipiga jiwe nyundo ya kwanza. Nikaanza kuitengeneza sura ya kumi ili imkute safi. Shoga yangu alipouliza kama tumwandikie kumkumbusha, nilikataa. Shangazi alikwisha kusema kwamba kuuliza mara ya pili ni kudai, na aliyeposa hadai.

Kule Maskati nako walitaka jibu. Nilimsikia shoga yangu akizungumza na mke wa mjomba kwenye simu, nje, chini ya ukuta. "Ndiyo, mama. Nawaomba kidogo tu. Kuna jambo nalingojea." Aliporudi ndani alikaa, akafungua kompyuta, akatafsiri ukurasa mmoja wa sura ya nne. Kisha akaifunga.

"Wamenipa mpaka Idi Kubwa," akasema.

Mjomba alirudi kula Idi Kubwa na sisi. Safari hii maboksi yalikuwa machache, na mimi sikuwa nyuma ya pazia. Tulikuwa peke yetu nyumbani, alasiri, mimi, shoga yangu na shangazi. Mjomba alitoa kwenye mkoba wake bahasha ya shoga yangu, yenye karatasi za kazi, akamkabidhi. Kisha akatoa kitabu.

"Na wewe, mwanangu, nilikumbuka vilikuwa viwili. Nikasema mara hii nafasi ipo, nikuletee na hiki cha pili."

Kilikuwa kile chembamba. Nilimbusu mkono. Akatoka kwenda msikitini, akauacha mlango wazi.

Shoga yangu alikichukua kabla yangu. Alizoea kusoma vitabu vya Kiingereza kwa kuanzia katikati, na alianzia katikati. Shangazi alikuwa na ungo wa mchele mapajani. Nilimsikia shoga yangu akisoma kwa kunong'ona, kisha sikumsikia.

"Soma kwa sauti," nikasema.

"Nimekwisha soma."

"Kinasemaje?"

Alikigeuza kitabu kifudifudi juu ya goti. "Kinasema barua iwe ya ukurasa mmoja, na riwaya itajwe kwenye mstari wa kwanza. Kinasema ni kawaida kuwaandikia wengi kwa pamoja, na wao wanajua. Kinasema wiki kadhaa zikipita unaweza kuuliza, kwa heshima, hawachukii. Na kinasema, wengi wao siku hizi hawana muda wa kumjibu kila mtu. Usipojibiwa, elewa kwamba umejibiwa. Hawataki."

Shangazi aliuweka ungo chini.

"Kimya chao ni kukataa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Waislamu hao?"

"Hapana, shangazi."

"Basi," akasema shangazi. Akauchukua ungo, akaanza kuchagua mawe kwenye mchele aliokwisha kuuchagua.

Sikuamini bado. Nilimwambia shoga yangu kwamba mwanamke yule si kama wengine, kwamba wameandika ana subira. Hakubishana nami. Alitoka nje na simu akapanda juu ya lile jiwe la kando ya kisima ambako mtandao huja na kuondoka, nami nikamfuata pekupeku. Akaliandika jina la yule mwanamke. Ilichukua muda. Kisha akanipa simu niangalie mwenyewe, maana Kiingereza chenyewe kilikuwa rahisi, hata mimi nilikifahamu. Kwenye ukurasa wa nyumba ile kulikuwa na picha za watu wakitabasamu, naye hakuwamo. Palikuwa na mstari mmoja wa kumshukuru kwa miaka yake ya kazi na kumtakia mapumziko mema. Kwa tarehe iliyoandikwa, aliacha kazi kabla hata mjomba hajaingia dukani.

Tulirudi ndani tukakifungua kile kinene kurasa za mbele kabisa, zile ambazo hatukuwahi kuzitazama kwa haraka ya kufika kwenye majina. Kilikuwa toleo la nyuma. Mjomba aliporudi kutoka msikitini nilimuuliza, na aliona ajabu kuulizwa.

"Mwenye duka alisema kipo kipya na kipo hiki, bei si moja. Nikamuuliza tofauti yake nini, akasema ni mwaka tu. Nikaona vitabu havichachi."

Nilimkumbuka shoga yangu kwenye chumba cha maboksi, akisema kwamba majina hubadilika, nikaona kwamba yeye anakumbuka pia na amechagua asiseme. Tulikuwa tumeposa nyumba iliyokwisha kuhamwa, tukakaa uani tukiusifu ukimya wa watu wake.

Jioni ile nilishikwa na homa ya kutenda. Nilimwambia tuandike upya, ukurasa mmoja, riwaya mstari wa kwanza, tuwatumie watu ishirini, thelathini, tuwatafute kwenye simu mmoja mmoja tujue kama wako hai. Nilisema maneno mengi. Alinisikiliza mpaka nikaisha pumzi.

"Na wakijibu?" akasema. "Kitabu kimeandika. Akipenda sura tatu, anaomba kitabu kizima, palepale. Kitabu kizima kwa Kiingereza kiko wapi, shoga yangu?"

Kilikuwa wapi? Sura tatu na ukurasa mmoja. Zilizobaki zilikuwa kwa Kipemba mno, kwenye karatasi zenye madoa ya chumvi.

"Tungalianza kuimaliza tangu siku ile," nikasema. "Badala ya kungoja."

"Tulidhani tunangoja kitu."

Bahasha ilikuwa mapajani pake. Alizitoa karatasi, akazisaini kwa kalamu yangu.

Siku ya kuondoka alikuja kutuaga baada ya adhuhuri, mvua ya mchana ikiwa imetoka kupiga na paa bado linadondosha. Alivaa baibui mpya aliyoletewa na mke wa mjomba, iliyokuwa ndefu kidogo kwake. Mama alimkumbatia, akampa kikapu cha visheti vya safarini. Shangazi alimsomea dua, kisha akamwambia kwamba huko aendako akiulizwa jambo asilolitaka, aseme kwa sauti, asinyamaze, maana ameona watu wanavyoelewana vibaya. Tukacheka wote watatu, na shangazi hakucheka.

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani kwenye chumba cha mbele, vitabu viwili mkononi. Nilimpa achague kimoja, aende nacho.

"Vya nini kwangu?"

"Ukipata nafasi. Utaitafsiri kidogo kidogo, ukurasa kwa ukurasa. Jioni, watoto wakilala."

"Nitaitafsiri," akasema.

Alikuwa mkweli maisha yake yote, hajui kusema uongo, na ndiyo maana aliusema kwa kuangalia pembeni. Alivichukua vile vitabu viwili mikononi mwangu, akaviweka kimoja juu ya kingine kwenye rafu, kinene chini, chembamba juu, akavisawazisha kingo kwa kiganja kama anavyosawazisha madaftari ya wanafunzi. Akasema tutazungumza kwenye simu. Nikasema ndiyo. Nilitaka kumwambia jambo kuhusu yule mwanamke wa kwenye riwaya, kwamba sikuwahi kuandika kama nyumba yake ilikwisha au haikwisha, na kwamba sasa nadhani najua: haikwisha, na bado anajenga.

Akajifunga baibui vizuri kichwani, akatoka ukumbini, viatu vyake vikasikika kwenye sakafu iliyolowa. Sikuinuka. Nilimsikia akisimama kizingitini. Kisha akaunyanyua mlango kwa kitasa, kidogo tu, kama alivyozoea, akauvuta nyuma yake mpaka ukakaa.